Wasichana wa baruti: Walikufa vitani bila kushika bunduki

WAPIGANAPO tembo, ziumiazo ni nyasi. Sisi tuliovuka mpaka na godoro kichwani, tukakaa miaka ukimbizini, methali hii hatuhitaji kufafanuliwa. Lakini wapo raia wengine ambao vita huwaua wakiwa kazini, wakitafuta riziki.

Septemba 17, 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kiwanda cha silaha cha Allegheny, eneo la Lawrenceville karibu na Pittsburgh, kililipuka mchana. Watu 78 walikufa, wengi wao wasichana.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza risasi. Walikunja karatasi kama mrija, wakatia risasi, wakamimina baruti iliyopimwa, kisha wakafunga. Kazi hiyo ilitaka vidole vyepesi. Mwanzoni ilifanywa na wavulana, lakini mwaka 1861 mkuu wa kiwanda, Kanali John Symington, aliwafukuza baada ya viberiti kuonekana humo, akaajiri wasichana. Baba na kaka wengi walikuwa vitani, na nyumbani walihitaji kula.

Wasichana hawakuwa na viberiti. Hatari ilikuwa kwenye mapipa. Mfanyabiashara aliyewahi kusafirisha petroli kwa madumu yanayovuja anaelewa habari hii. Baruti ilidondoka kutoka kwenye mapipa hadi barabarani, na barabara ilikuwa ya mawe. Dereva wa mkokoteni, Joseph Frick, alieleza kwamba aliona moto ukiwaka chini, karibu na gurudumu. Punde milipuko ikafuatana.

Zaidi ya 40 walizikwa pamoja, kwa kuwa miili mingi haikutambulika.

Jopo la uchunguzi wa vifo lilimtia hatiani Symington na wasaidizi wake kwa uzembe. Jeshi nalo likaunda tume yake, na tume hiyo ikamsafisha. Waliofiwa wakabaki na makaburi.

Siku hiyohiyo, huko Maryland, yalipiganwa mapambano ya Antietam, yaliyoacha watu wapatao 23,000 wakiwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Ndiyo habari iliyojaa vitabuni. Wasichana wa Lawrenceville wakasahauliwa upesi.

Upande wa Kusini nao haukupona. Machi 13, 1863, kiwanda cha Richmond kililipuka na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wasichana na watoto. Binti mmoja, Mary Ryan, mzaliwa wa Ireland, aligonga ubao mezani ili kutoa kiwashio cha mzinga kilichokwama. Juni 17, 1864 ikawa zamu ya Washington, walikokufa wanawake 21. Rais Abraham Lincoln alihudhuria mazishi yao.

Nikiwa mwanafunzi ukimbizini, nilikariri majina ya majenerali. Leo nashika chaki mbele ya watoto waliozaliwa baada ya sisi kurejea, nao huuliza nani alipigana. Mara chache huuliza nani alipika, nani alibeba maji, nani alipakia masanduku usiku.

Kule Allegheny, majina yote 78 yalikuja kuchongwa kwenye mnara mwaka 1928, miaka 66 baadaye. Msomaji, wazee wetu wanaoyakumbuka majina ya watu wetu hawatakuwapo miaka 66 ijayo. Chukua daftari, ukawaulize sasa.