Utata wa Upatanisho wa Kisarufi katika Maelezo ya Uvimbe wa Ovari kwa Wajawazito

Makala haya yanajadili jinsi upatanisho wa kisarufi unavyoweza kumpotosha mjamzito anayeelezwa kwamba ana uvimbe katika ovari. Eneo tunalolitazama ni Wilaya ya Kilosa, hasa mji wa Kilosa wenyewe na Mikumi, ambako Kiswahili cha hospitalini hukutana na Kisagara, Kividunda, Kikaguru na Kimaasai.

Kitabibu, uvimbe huu mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mama anapopigwa altrasaundi ili mtoto atazamwe. Mwingi ni vifuko vya maji vinavyotokana na kupevuka kwa yai, navyo hutoweka vyenyewe kabla ya wiki ya 16. Kwa hiyo daktari hungoja na kupima tena. Uvimbe unaodumu na kukua, au wenye sehemu ngumu ndani yake, huondolewa kwa upasuaji, kwa kawaida katika miezi mitatu ya pili, ambapo hatari ya mimba kuharibika imepungua. Ovari ikijisokota, maumivu huwa makali na upasuaji haungoji wiki yoyote. Saratani ni nadra.

Tatizo la lugha limo katika kitenzi *kutoa*. Tuchukue mfano: "Una uvimbe, lakini ujauzito ni mzima. Utatolewa wiki ya 16." Kitakachotolewa ni kipi? *Uvimbe* na *ujauzito* hupatanishwa kwa *u-* (nayo nafsi ya pili umoja pia ni *u-*!). Daktari akiliacha neno la adabu na kutumia *mimba* na *ovari*, utata huhamia kwenye *i-*: "itatolewa". Akichagua *kifuko*, anakumbana na *kizazi*, ambacho kwa wengi ndicho tumbo la uzazi: "kitatolewa". Aidha, *kutoa mimba* na *kutoa kizazi* ni misemo iliyokomaa, ilhali *kutoa ovari* haijazoeleka. Sikio huelekea kwenye lile linalolijua. Mama aliyesikia hivyo huenda asirudi kupimwa, na ovari ikijisokota akiwa kijijini, umbali wa hospitali huwa jambo la uhai.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuunda istilahi mpya. Hatukubaliani nao, kwani istilahi yoyote itaingia katika ngeli fulani na kukuta jirani humo. Yafaa nomino irudiwe badala ya kuachiwa kiambishi, na vitenzi vitenganishwe: "Uvimbe utaondolewa. Mimba itabaki tumboni, na kizazi hakitaguswa." Maneno hayo yasomwe kwa sauti kabla mama hajatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.