Ishonee ngoma yako mfuko wa ngozi

Je, msomaji, likizo ikiisha huwa unairudishaje mjini ngoma ya nyumbani? Wengi huifunga kwa gunia na kuirusha juu ya matatu. Kutoka Matiliku, kule Nzaui katika Makueni, hadi Nairobi, ngoma hiyo hupigwa na vumbi, jua na pengine mvua. Wambo likilowa hulegea na sauti ikapotea. Likianikwa jua kali hupasuka.

Ukambani ngoma si kitu cha mchezo. Katika kilumi, ngoma zimepigwa tangu zamani kuombea mvua na kutuliza mapepo. Aliyorithi mtu kwa nyanyake hainunuliki dukani. Basi ishonee mfuko.

Tafuta ngozi mbili za mbuzi zilizokwisha kutiwa dawa. Ngozi mbichi hunuka na kukakamaa. Fundi wa viatu atakuuzia msharasi, sindano mbili butu na uzi mnene. Usisahau nta ya nyuki.

Tuseme ngoma yako ina upana wa sentimita 30 na kimo cha 50. Mzunguko wake ni kama 94. Ongeza 4 ili iingie bila kukwaruzwa. Kata vipande viwili, kila kimoja upana 51 na urefu 63, pamoja na kitako cha duara chenye upana wa 33. Pimia kwanza kwa gazeti kuukuu, kwani ngozi ikishakatwa haiungiki vizuri.

Piga mstari sentimita moja kutoka ukingoni, kisha toboa matundu yaliyoachana milimita 5. Kata uzi wenye urefu mara nne ya mshono, upake nta, na utie sindano kila ncha. Sindano zote mbili zipite katika kila tundu, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia, kisha kaza. Cherehani haishoni hivi: hapa uzi ukikatika upande mmoja, ule wa pili bado hushikilia.

Shona mbavu kwanza, kitako baadaye, halafu geuza mfuko ndani nje. Mdomoni toboa matundu ya kupitishia kamba, na ubavuni shonea mkanda wa begani.

Watoto wasichezee msharasi. Na ngoma ikinyeshewa, ikaushe kivulini kabla ya kuirudisha mfukoni, la sivyo itaota ukungu.