Kwa Nini Mwenye Baiskeli Huingia Njia ya Magari?



Ukisimama asubuhi kando ya barabara itokayo Rhonda kuelekea mjini Nakuru, utawasikia madereva wakipiga kelele: "Toka barabarani, wewe!" Anayeambiwa hivyo ni mtu wa baiskeli. Amefunga gunia la sukuma wiki kwenye keria, au anakimbilia kibarua. Dereva humwona mjeuri. Hata sisi, tukiwa ndani ya matatu, humlaumu vivyo hivyo. Lakini tukikaa chini na kuulizana "kwa nini?", tunaona kwamba jambo hili lina mizizi.

Kwanza ni ardhi yenyewe. Udongo mwingi wa Nakuru ni majivu ya volkano, mwepesi kama unga. Wakati wa kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha unachukuliwa na maji. Hapo ukingo wa lami unamegeka, na pembeni yake panabaki shimo. Gurudumu likitumbukia pale, kulirudisha juu ya lami ni taabu. Mara nyingi linakwama kwenye ukingo na mtu anaanguka, tena upande wa magari.

Pili, nafasi ya kando ina wenyewe. Matatu zinateremsha abiria, boda boda wanangoja wateja, mama anauza nyanya, watoto wanaenda shule. Hatuwalaumu, nao waende wapi? Hata palipojengwa njia ya baiskeli, ikijaa vibanda na magari yaliyoegeshwa, ni kama haipo.

Tatu ni mzigo. Ile baiskeli nzito tunayoiita black mamba, ikishabeba gunia, haiwezi kuyumbayumba kukwepa mashimo. Inataka njia nyoofu.

Nne ni kuonekana. Mtu akijibana sana ukingoni, dereva hudhani nafasi ipo, naye hupita akimgusagusa. Halafu yule wa baiskeli akikuta shimo, anarukia barabarani ghafla. Hapo ndipo ajali inapotokea. Anayeendesha hatua moja hivi kutoka ukingoni, bila kuyumba, huonekana mapema.

Basi si ujeuri. Sheria ya trafiki ya Kenya nayo haimfukuzi: baiskeli ni chombo cha barabarani, kinapita kushoto kama vingine.

Lakini tusidanganyane. Haki peke yake haisimamishi lori. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, ambayo ni mara mbili, breki zake huhitaji umbali mara nne kulisimamisha. Kwa hiyo kwenye barabara kuu ya Nairobi, Nakuru na Eldoret, kunakopita malori ya kwenda Uganda, afadhali kushuka na kusukuma kuliko kushindana. Mboga zikichelewa zitauzwa jioni. Baba au mama wa watu akipotea harudi.

Tufanye nini?

1. Kila baiskeli ya mwanakikundi iwe na breki nzuri, kengele, taa ya mbele na rifulekta nyekundu nyuma. Alfajiri na jioni tuvae nguo nyeupe.

2. Tuendeshe upande wa kushoto, wala tusije kinyume na magari. Kabla ya kukata kona, tutazame nyuma na kunyosha mkono.

3. Mzigo usiwe mpana kupita usukani.

4. Tuandike barua kwa mwenye barabara. Barabara kuu za kitaifa zinasimamiwa na KeNHA na zile kubwa za mijini na KURA, mashirika yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Barabara ndogo za mitaa ni za serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka wa 2013. Tusiseme tu "barabara ni mbaya." Tutaje mahali penyewe, kina cha shimo, na ni watu wangapi wa baiskeli hupita hapo kwa saa moja. Kuhesabu hakuhitaji pesa. Ni kalamu na daftari tu.

Msidhani hayo ni ndoto. Leo Uholanzi inasifiwa kwa njia zake za baiskeli, lakini mwaka wa 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani huko, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi na wananchi wa kawaida wakaandamana na kudai njia salama. Serikali ikasikia, njia zikajengwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ule ukingo wa lami.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Ni nani kati yetu anayetegemea baiskeli kupata riziki?
Ni mahali gani hasa anapolazimika kuingia njia ya magari, na kwa nini?
Nani ataandika barua, na kufikia lini?