Alama za KCPE Kama Utabiri wa Matokeo ya Kiswahili Katika KCSE: Hali ya Kisii na Nyamira

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo walimu wa Kisii na Nyamira hulijibu kila mwaka, aghalabu bila kuliuliza: je, alama alizopata mtoto alipomaliza shule ya msingi zaweza kutueleza jinsi atakavyofaulu katika Kiswahili amalizapo sekondari? Hoja yetu ni kwamba alama hizo hueleza mwelekeo wa kundi, bali hazitoshi kumhukumu mwanafunzi mmoja wala shule moja. Tena, katika Kiswahili upungufu huo una sababu zinazotuhusu sisi wanaisimu.

Yafaa kwanza tukumbuke historia. Mtihani wa CPE, uliotangulia mfumo wa 8-4-4, haukuwa na karatasi ya Kiswahili; hivyo mwalimu wa sekondari hakuwa na alama yoyote ya Kiswahili ya kukisia nayo. KCPE ulianza mwaka 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa. KCSE ulifuata mwaka 1989, mwaka ule ule ambao KACE, mtihani wa kidato cha sita, ulifanywa kwa mara ya mwisho. Tangu hapo shule ikawa na tarakimu mbili za kulinganisha, na tofauti baina yazo ikachukuliwa kuwa kipimo cha kazi ya walimu. KCPE wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watahiniwa wake wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027.

Sasa tuutazame utabiri wenyewe. Tukiwachukua wanafunzi wote wa nchi, waliopata alama za juu katika KCPE kwa jumla huwapita waliopata alama za chini. Lakini mwalimu hafundishi nchi nzima, hufundisha darasa moja. Na darasa hilo limekwisha kuchujwa kwa alama zizo hizo. Tuseme shule imepokea wanafunzi waliopata kati ya 380 na 400 kwa 500. Tofauti baina yao ni ndogo mno, na huenda imetokana na maswali machache tu yaliyobahatishwa. Hapo KCPE hauna tena uwezo wa kutuambia nani atamshinda mwenziwe. Kadiri uteuzi unavyokuwa mkali, ndivyo alama zilizotumiwa kuteua zinavyopoteza nguvu ya kutabiri miongoni mwa walioteuliwa.

Sababu ya pili ni kwamba mitihani hii miwili haikupima jambo moja. Kiswahili cha KCPE kilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, pamoja na insha ya alama 40. Kiswahili cha KCSE kina karatasi tatu: insha kwa alama 40, lugha kwa alama 80, na fasihi kwa alama 80. Basi asilimia 40 ya alama hizo 200 hutokana na riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi, mambo ambayo KCPE haukuyatahini kama somo la fasihi. Hapana budi utabiri upungue pale ambapo kinachotabiriwa hakikupimwa.

Kwa mtoto wa Kigusii tofauti hiyo ina uzito zaidi. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, na mfumo wake wa ngeli humsaidia mwanafunzi kuelewa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Hata hivyo, Ekegusii ina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano, wala haitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kifanyavyo. Mtoto aonyeshwapo maneno "mahali" na "mahari" yakiwa yamekwisha kuandikwa, anaweza kuchagua lifaalo kwa kutazama muktadha. Atakapotakiwa kuyaandika mwenyewe, hana tena wa kumwandikia. Swali la kuchagua huuficha udhaifu huu; insha na majibu ya fasihi huufichua. Kinyume chake pia ni kweli: mtoto aliyelelewa kwa ngano na methali za Kigusii anaweza kung'ara katika fasihi simulizi, kipawa ambacho KCPE haukupata kukiona.

Jambo hili si la nadharia tupu. Matokeo ya KCSE ya mwaka 2022 yalipotangazwa Januari 2023, Shule ya Upili ya Nyambaria, Nyamira, iliripotiwa kupata wastani wa takriban 10.89 kwa 12, na kuzipita shule za kitaifa zenye sifa. Wengine walisifu juhudi. Wengine walishuku udanganyifu. Na Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikachunguza usimamizi wa mtihani ule. Katika mabishano hayo alama za KCPE zilitajwa kana kwamba ni ushahidi. Sivyo. Matokeo yakipita makisio, tumepata swali la kuchunguza. Hatujapata mwizi, wala hatujapata shujaa. Udanganyifu huthibitishwa kwa karatasi, mashahidi na mwenendo wa chumba cha mtihani.

Uingereza ilijifunza somo hili kwa taabu. Mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, alama za A-level zilikadiriwa kwa hesabu iliyotegemea matokeo ya zamani ya kila shule pamoja na ufaulu wa awali wa wanafunzi, kama vile alama za GCSE. Katika England, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yalishushwa. Baada ya siku chache serikali iliuacha mpango huo, kwa kuwa hesabu iliyolinda wastani wa taifa ilikuwa imewadhulumu watu mmoja mmoja.

Leo wanafunzi wa Kenya huingia sekondari ya juu kwa tathmini ya gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Kipimo kimebadilika, kishawishi ni kile kile. Twapendekeza kwamba mwalimu apokeapo darasa jipya ampe kila mwanafunzi kazi ya kuandika katika majuma ya kwanza, aisome kwa jicho la kiisimu, kisha apange mafundisho yake kwa hayo aliyoyaona. Alama aliyokuja nayo mtoto imwonyeshe mwalimu pa kuanzia. Isimwekee mtoto pa kukomea.