Sanaa Isimsubiri Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi akitarajiwa, shule ya msingi huchangamka. Kwaya hufanya mazoezi chini ya mwembe, ngoma hutolewa stoo, na watoto wachache wenye sauti kali huchaguliwa kughani ngonjera. Mgeni akishaondoka, ngoma hurudi stoo, watoto nao hurudi darasani kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Ndivyo sanaa inavyoishi katika shule zetu nyingi: hupewa uwanja, hunyimwa darasa.

Tuitazame hiyo ngonjera. Mshairi Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa nguvu, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikaenea shuleni kueleza siasa ya Ujamaa. Umbo lake ni mabishano. Mmoja hajui au hataki kukubali, mwenzake humjibu ubeti kwa ubeti, hadi wanapatana. Hilo tayari ni somo lililokamilika, na Mnyampala alilijua vyema, maana naye alikuwa mwalimu wa watu kwa njia ya ushairi.

Chukua somo la sayansi kuhusu malaria. Kundi moja la wanafunzi lishikilie kwamba ugonjwa huo huletwa na mvua, kama wengi wanavyosikia nyumbani. Kundi la pili lijibu kwa hoja ya mbu jike aina ya anofelesi. Ili kutunga ubeti wa jibu, itawabidi wafungue kitabu watafute kwa nini homa huzidi masika, wakute habari ya madimbwi na mazalia, kisha waieleze kwa maneno yao. Kundi la kwanza nalo halitakubali kirahisi, litauliza: mbona yule aliyelala ndani ya chandarua naye aliugua? Hapo mwalimu anapata swali ambalo asingelipata kwa kuimbisha darasa zima majibu ya “ndiyo, mwalimu.” Wakati huohuo, mtoto anayehesabu mizani nane kwa nane na kusaka vina anajifunza silabi na msamiati wa Kiswahili ndani ya kipindi cha sayansi.

Sharti ni moja: watoto watunge wenyewe. Ngonjera iliyoandikwa na mwalimu na kukaririwa na wanafunzi ni imla iliyovishwa kanga.

Hisabati nayo ina mlango wake. Sehemu huwasumbua watoto kwa sababu wanaziona tu, namba juu ya namba. Mwalimu aligawe darasa makundi matatu. La kwanza lipige makofi kwa mwendo wa polepole, usiobadilika. La pili lipige mawili katika muda wa kofi moja la wenzao, la tatu lipige manne. Sasa nusu na robo zinasikika, na anayekosea anajisikia mwenyewe kabla hajasahihishwa. Zoezi hili halihitaji hata chaki, na darasa lenye watoto themanini linalifanya vizuri kuliko lenye ishirini. Ukanda wa pwani una utajiri mwingine, ukili. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyeishi na kuwaandaa walimu Msumbiji tangu miaka ya 1970, alitumia miaka mingi kuonyesha jiometri iliyomo katika usukaji wa vikapu na mikeka. Bibi anayesuka ukili jirani na shule anaweza kualikwa darasani siku ya somo la ruwaza.

Mtaala wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika elimu ya msingi. Ni hatua njema, lakini jina kwenye ratiba halitoshi. Wakenya wanalijua hili. Mfumo wao wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki na sanaa vilitahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Vilipoondolewa kwenye mtihani, vipindi vyake vikaliwa na masomo yaliyobaki. Ndiyo sababu naamini kwamba sanaa ikikaa peke yake kwenye kipindi chake itakuwa ya kwanza kutolewa kafara mtihani unapokaribia. Ikiwa ndani ya hisabati, sayansi na Kiswahili, hakuna wa kuiondoa.

Mzigo huu unamwangukia mwalimu, na si haki kumwachia peke yake. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimefundisha walimu sanaa kwa miongo mingi, lakini mwalimu wa hisabati aliyesoma kwingine hajawahi kuonyeshwa namna ya kutumia mdundo kufundisha robo. Mafunzo kazini yamfikie huyo. Mkaguzi naye, anayeitwa siku hizi mthibiti ubora, asilione darasa lenye makofi akadhani ni fujo.

Walimu wakuu, anzeni muhula ujao kwa kuzitoa ngoma stoo na kuziweka darasani. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na daftari lenye mchoro wa mche wa mharage badala ya kurasa tatu za maandishi, msiende shuleni kulalamika. Mwambieni awaeleze alichokichora.