KUJUA KANUNI NA KUJUA SABABU YAKE

Tangu karne ya 16 wapiga mizinga wa Italia walijua kwamba mtutu ulioinuliwa kwa pembe ya digrii 45 ndio utupao kombora mbali zaidi. Niccolò Tartaglia aliieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1537. Lakini kwa nini iwe 45, wala si 40 au 50? Jibu la kutosheleza lilingojewa miaka mia moja.

Jibu hilo alilitoa Galileo Galilei mwaka 1638. Katika kitabu chake mmoja wa wasemaji, Sagredo, anakiri kuwa habari hiyo alikwisha kuisikia kwa wapiga mizinga. Lakini kuifahamu sababu, asema, ni jambo la thamani kubwa kuliko kuambiwa na watu, au hata kulijaribu mara nyingi.

Sababu yenyewe ni hii. Kasi ya kombora hugawanyika sehemu mbili: moja hulipandisha juu, nyingine hulipeleka mbele. Ile ya juu hulipa muda wa kukaa angani, na umbali hupatikana kwa kuzidisha muda huo kwa kasi ya kwenda mbele. Ukiinua mtutu mno, kombora hukawia angani lakini haliendi mbele. Ukiulaza mno, hukimbia mbele lakini huanguka upesi. Katika digrii 45 sehemu hizo mbili huwa sawasawa, na hapo ndipo umbali huwa mkubwa kabisa. Aidha, 40 na 50 hutoa umbali mmoja, maana sehemu zimebadilishana nafasi tu.

Je, elimu hiyo yafaa nini kwa askari aliyekwisha kukariri kanuni? Yafaa siku kanuni inaposhindwa. Hesabu hiyo haikutia upinzani wa hewa. Mwaka 1918 Wajerumani waliupiga mji wa Paris kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 100, na mtutu wao waliuinua kupita digrii 45, ili kombora lifike mapema juu kabisa, kwenye hewa nyepesi isiyolizuia sana. Mwenye kukariri angeshikilia 45. Mwenye kujua sababu alijua pia mpaka wake.

Basi kueleza sababu ni kufanya nini hasa? Mwaka 1948 wanafalsafa Carl Hempel na Paul Oppenheim walijibu kuwa ni kuonyesha jinsi jambo linavyofuata kutoka katika kanuni za maumbile na hali iliyopo. Jibu hilo lilionekana zuri, hata wengine, miongoni mwao Sylvain Bromberger, walipoleta mfano wa mlingoti wa bendera. Ukijua urefu wa mlingoti na mahali lilipo jua, utapata urefu wa kivuli. Na hiyo ni sababu ya kweli. Lakini ukijua kivuli utapata vilevile urefu wa mlingoti, kwa hesabu ileile. Nani atasema kwamba mlingoti ni mrefu kwa sababu ya kivuli chake? Polisi huijua tofauti hiyo: nyayo humwonyesha mpelelezi alikopita mwizi, lakini nyayo hazikumfanya mwizi apite.

Katika hisabati jambo ni gumu zaidi, kwani namba hazisukumani wala hazitupi vivuli. Hata hivyo Mark Steiner alionyesha mwaka 1978 kwamba humo pia kuna uthibitisho unaoeleza na usioeleza. Chukua jumla ya 1 hadi 10. Waweza kujumlisha moja moja, upate 55, nawe usijue zaidi. Au panga askari: mmoja safu ya kwanza, wawili ya pili, hata kumi safu ya mwisho. Kisha lete kikosi cha pili kilichopangwa kinyume, kumi wakitangulia, usimamishe safu kwa safu. Kila safu sasa ina askari 11, na safu ni 10: jumla 110, nusu yake 55. Hapa huoni jibu tu, bali waona kwamba haliwezi kuwa jingine, na waweza kuhesabu safu 100 au 1,000 kwa njia hiyohiyo.

Wanafalsafa hawajakubaliana juu ya kipimo kimoja kitakachofaa mzinga, mlingoti na namba. Lakini mifano hii yatuonyesha kwamba jibu sahihi na sababu si kitu kimoja. Anayetii kanuni hufika ilikofika kanuni. Ajuaye sababu huweza kuendelea mbele yake.