Ukienda kuvua trauti, tazama kwanza soli ya kiatu

Wewe msomaji ambaye hutoka Nairobi Jumamosi alfajiri ukielekea Gura, Mathioya au Sagana kuvua trauti, hebu nikuulize swali moja. Utaingia majini na kiatu gani?

Nauliza kwa sababu jibu ninalolisikia mara nyingi hunitia hofu. Wengi huvaa gambuti za shambani, na wengine raba kuukuu za kukimbilia. Mimi nilikuwa wa kundi la raba. Siku moja katika mto Gura, maji yakiwa hayajafika hata magotini, niliteleza, mguu ukanaswa kati ya mawe mawili huku mwili ukivutwa na maji. Kifundo kiliteguka vibaya. Njia tuliyoteremka asubuhi kwa nusu saa tuliipanda kwa karibu saa tatu, nikiwa nimening'inia mabegani mwa wenzangu. Ndoano yangu mpya ilienda na maji, na sijaiona tena.

Trauti ndiye anayetupeleka mahali pabaya. Si samaki wa asili wa kwetu. Mlowezi Ewart Grogan alimtia katika mto huo huo wa Gura mwaka 1905, akiwa ametolewa Scotland. Hupenda maji baridi yanayokwenda kasi juu ya mawe, na mawe ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya ni magumu, yamelainishwa na maji kwa miaka mingi, kisha yamevikwa utando wa kijani unaoteleza kama sabuni.

Zamani wavuvi wa aina hii walitumia viatu vyenye soli ya felti, yaani kile kitambaa kinene kilichoshindiliwa kama cha kofia. Ni kweli felti hushika jiwe lenye utando vizuri sana. Lakini hunyonya maji kama sifongo na kukaa na unyevu kwa siku nyingi, na ndani ya unyevu huo mimea midogo na vimelea vya samaki vinaweza kusafiri kutoka mto mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo New Zealand ilipiga marufuku soli za felti kwa wavuvi mwaka 2008. Nawe ukitoka mtoni na kuanza kupanda kijia cha matope, felti hujaa tope ikawa laini kabisa, na hapo utaanguka ukiwa nchi kavu.

Kwa hivyo tafuta soli ya mpira, lakini si mpira wowote. Bonyeza soli kwa ukucha wa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama tairi ya lori, iache dukani. Mpira unaofaa hubonyea kidogo, na meno yake huwa yameachana ili tope lidondoke. Hata hivyo, mpira pekee hautoshi juu ya utando wa kijani. Unahitaji njumu ndogo za chuma kigumu zinazopenya utando huo na kukwaruza jiwe lenyewe. Chagua kiatu ambacho soli yake ni nene ya kutosha kufungwa njumu, la sivyo ncha itakuchoma unyayo. Njumu nazo zina hila yake, kwani juu ya mwamba mkavu ulio laini huteleza, basi tembea polepole unapotoka majini.

Turudi kwa gambuti. Watu husema gambuti ikijaa maji itakuzamisha. Maji yaliyo ndani ya kiatu hayana uzito ukiwa ndani ya maji mengine. Utauhisi unapojaribu kupanda ukingoni. Ubaya mkubwa wa gambuti ni kwamba haina kamba na haishiki kifundo, hivyo mguu hugeuka ndani yake kwa urahisi. Kiatu cha mtoni kinapaswa kupita juu ya kifundo, kifungwe kwa kamba, kiwe kigumu mbele ya vidole, na kiwe na vitundu vya kutolea maji. Ngozi halisi si nzuri hapa, kwani hukauka polepole kisha ikakakamaa.

Nenda kukijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zile zile nene utakazovulia. Vidole viweze kucheza. Kiatu kinachobana huzuia damu, na katika maji baridi ya mlimani vidole vitakufa ganzi upesi. Mguu uliokufa ganzi haujui umekanyaga nini.

Najua si wote wenye pesa za kuagiza viatu vya wavuvi kutoka ng'ambo. Buti za kupandia milima za mitumba, kama zile za Gikomba au Toi, zinaweza kukufaa ukifunga skrubu fupi zenye vichwa vya pembe sita kwenye soli, vichwa vikiwa nje. Urefu wa skrubu uwe mdogo kuliko unene wa soli. Ila zikunje kwa nguvu kabla ya kulipa. Buti iliyokaa stoo miaka mingi, povu la soli yake huoza likamomonyoka, na hungetaka kuligundua hilo ukiwa katikati ya mto.

Usidhani kiatu hiki ni kinga ya kila kitu. Kina vitundu, maji huingia. Katika Thiba ya juu, kwenye baridi, hilo halina neno kubwa, lakini mto huo huo ndio unaolisha mashamba ya mpunga ya Mwea, ambako konokono wa kichocho wanaishi. Ukishawishika kuvua huko chini, vaa suruali ya mpira isiyopitisha maji.

Na ukiteguka? Vua kiatu, lowesha kitambaa kwa maji baridi ufunge, inua mguu. Ukishindwa kupiga hatua nne, au mfupa wa kifundo ukiuma sana unapobonyezwa, nenda hospitali upigwe picha ya eksirei. Usimwachie mkandaji kazi hiyo, mfupa unaweza kuwa umevunjika.

Ukifika nyumbani, sugua soli kwa brashi, toa matope yote, kisha anika viatu mpaka vikauke hadi ndani, kamba zikiwa zimefunguliwa. Kausha pia katikati ya vidole vyako, kwani hapo ndipo kuvu wa miguu huanzia, na mwasho wake utakufuata ofisini Jumatatu.